Mtoto wa Kumwonyesha Bi Sauda

"Mtoto aliyetangulia kufanywa hivi yuko wapi, nimwone kwa mato yangu?"

Swali hili niliulizwa na Bi Sauda, mama mmoja wa Mji wa Kale, katikati ya miaka ya tisini, katika wodi ya watoto ya hospitali moja kisiwani Mombasa. Nilikuwa daktari mwenye shahada mpya na ulimi mrefu, na sikuwa na jibu. Sasa nimestaafu. Vijana niliowaacha kazini wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, na najua wangependa nianze na mashine. Nitafika kwenye mashine. Lakini swali lile ndilo lililonifanya daktari, na jibu lake nililipata kichwa kikiwa kimeshaota mvi.

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji nilifukuzwa. Mkuu wetu alikuwa Daktari Mutua, Mkamba mrefu aliyeona maneno kuwa ni kitu cha kuwekwa akiba. Aliniuliza mgonjwa anayefuata ana hali gani. Nikamjibu kwamba naamini yuko sawa.

"Ya kuamini peleka msikitini, nami yangu nitapeleka kanisani," alisema bila kuinua uso. "Hapa niambie ulichoona."

Nikatolewa nje nikamtazame mgonjwa mpaka niwe na la kusema. Nililia kidogo kwenye ngazi, kisha nikaenda kutazama. Mgonjwa alikuwa na homa ambayo hakuna aliyeiandika. Tangu siku ile sikuwahi kumwambia mtu yeyote kazini kwamba naamini.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita, afisa wa nusukaputi, mtu wa kulaza wagonjwa na kuwaamsha. Vijana wangu, nyinyi mna kioo kinachowaambia kila kitu kuhusu mgonjwa, na mkisinzia kinapiga kelele. Sisi tulikuwa na Bwana Mwakio. Alinifundisha kubandika kichwa cha stethoskopu kifuani mwa mtoto kwa plasta, sikio langu moja limsikilize mtoto na la pili limsikilize mpasuaji. Alinifundisha kuushika mfuko wa hewa kwa kiganja chote, kwa upole, kama anayeshika tumbo la paka aliyelala, nijue pumzi inavyoingia na inavyotoka. Aliniambia nitazame midomo na kucha za mgonjwa kabla ya kutazama saa yoyote ya mashine.

Nami nilimuuliza sababu ya kila jambo. Kwa nini mtungi huu uko kushoto na ule kulia? Kwa nini tunafungua huu kwanza? Nani aliamua? Alikuwa akinijibu kwa subira kwa muda, kisha akishusha barakoa na kusema, "Rukia, mwanangu, huko chuo kikuu walikuwa wakiwalisha nini?"

Maryam aliletwa kwetu mwaka wangu wa pili. Alikuwa msichana wa darasa la pili, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko kilo. Mamake alikuwa Arabuni kikazi, na aliyemlea ni nyanya yake, Bi Sauda, katika nyumba ya ghorofa nyuma ya Ndia Kuu. Kwa muda mrefu macho ya Maryam yalikuwa yakigeuka manjano, yakirudi meupe, kisha yakigeuka tena, pamoja na homa na maumivu ya tumbo. Alikuwa ametibiwa malaria. Alikuwa ametibiwa ini. Alikuwa amekatazwa mafuta, akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Bi Sauda hakuacha mlango bila kubisha, na kila mlango ulimrudisha na dawa.

Daktari Mutua alimlaza kitandani, akaweka mkono chini ya mbavu za kulia. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka pale pale. Palikuwa na kitu laini cha mviringo, kama chungwa lililofichwa ndani ya nguo. Picha ya ultrasaundi ikatuonyesha mfuko mkubwa wa maji mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mfuko.

Nitaeleza kwa wasio madaktari, maana najua wake na waume zenu watasoma pia. Nyongo hutoka kwenye ini ikapita katika mrija mwembamba kwenda utumboni. Kwa watoto wachache mrija huo huzaliwa na kasoro, ukavimba kama puto. Nyongo hutuama humo kama maji ya dimbwi, ikaoza, ikamrudishia mtoto homa na umanjano kila mara. Ukiuacha miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Tiba yake ni moja, nayo ni kuukata wote, kisha kukileta kipande cha utumbo juu na kukishona kwenye mrija uliobaki chini ya ini. Wakati ule maana yake ilikuwa kulifungua tumbo la mtoto upande hadi upande.

Daktari Mutua alikuwa akijiandaa kwa kazi hiyo Daktari Lali aliporudi nyumbani.

Daktari Lali alikuwa mwana wa mji. Alizaliwa hatua chache kutoka kwa Bi Sauda, akaenda kusoma ng'ambo, akakaa huko miaka mingi. Sasa alikuwa amekuja na makasha ya vyuma: darubini nyembamba ya kuingizwa tumboni, kamera, televisheni, na vyombo virefu kama sindano za kufumia. Mgonjwa hutobolewa vitundu vidogo, tumbo linajazwa gesi ili liinuke kama hema, na daktari anafanya kazi huku akitazama televisheni. Hakuna mkato mrefu, mgonjwa anarudi nyumbani upesi. Sote tulipumbaa. Mimi nilipumbaa kuliko wote, na nawaambieni wazi kwamba njia ile ni nzuri. Nimekuja kuitumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Msimamizi wa hospitali alitaka kazi ya kwanza ionekane. Mama mmoja mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo alichaguliwa, akasikia habari ya televisheni, akavaa buibui lake akaenda zake. Basi msimamizi akasema awe Maryam. Picha ya mtoto gazetini hupendeza. Daktari Mutua alisema kwamba uvimbe huu si sawa na mawe, akasema mara moja tu, kama ilivyokuwa desturi yake. Akajibiwa kuwa wazee wasiwafungie vijana njia.

Palikuwa na tatizo la gesi. Tumbo halijazwi hewa yoyote tu. Inatakiwa kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayotoa povu kwenye soda, kwa sababu mwili huinyonya upesi na haiwashi moto. Sisi hatukuwa nayo. Waliokuwa nayo ni watengenezaji wa soda, wakatuazima mtungi. Mdomo wa mtungi ule haukukubali kichwa cha hospitali, kile chenye saa ya kupimia nguvu ya gesi. Fundi mmoja wa Bondeni akachonga kiungio cha shaba, na kichwa kikaingia kama kimezaliwa nacho. Ilikuwa kazi safi. Niliisifu mimi mwenyewe. Katika jopo zima la watu waliosoma hakuna aliyejiuliza kwa nini waliotengeneza mitungi hiyo waliipa midomo tofauti.

Kisha ikapakwa rangi.

Nyote mmewahi kufanya kazi ya serikali au karibu nayo, kwa hiyo mnajua. Mgeni wa heshima akialikwa, kila kitu kisichokimbia hupakwa rangi. Mgeni wetu alikuwa mkubwa fulani aliyekuja kushuhudia upasuaji pamoja na waandishi wa habari. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa, mashina ya miti yakapakwa, vitanda vikapakwa, na kiti kimoja cha magurudumu kilipakwa mpaka kwenye magurudumu, hakikutembea tena. Mitungi ya gesi ilikuwa na kutu. Ikatolewa nje uani, ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya fedha na mabega meupe, yote, pamoja na vibandiko vyake na shaba ya yule fundi. Ikarudishwa ndani ikapangwa kama askari wa gwaride. Msimamizi alisimama mlangoni akasema sasa panafanana na hospitali.

Ni siku hizo hizo nilipotumwa kwa Bi Sauda kumweleza upasuaji na kupata ridhaa yake. Nilimkuta kando ya kitanda, kikapu chake cha tambuu miguuni, Maryam amelala na homa ambayo ilikuwa imeanza kurudi.

"Sabalkheri, Bi Sauda."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo ukae."

Nikakaa, nikaeleza. Nilichora mrija kwenye karatasi, nikachora puto, nikachora vitundu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo madaktari hulichukulia kuwa ni kukubali. Kisha akaniambia kwamba yeye hata mshonaji wa kanzu hampi kitambaa mpaka aonyeshwe kanzu. Hata ukuta alioajiri fundi kuupiga lipu, kwanza alikwenda kupapasa ukuta wa jirani. Akaniuliza swali lile.

Nikasema nitauliza.

"Kaulize," akasema. "Na huyo Lali mwambie namjua tangu hajavaa suruali. Simtukani. Nataka kuoneshwa tu."

Daktari Lali nilimkuta akipangusa darubini yake kwa kitambaa laini. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye mikono iliyotulia ajabu. Nikamuuliza amewafanyia wangapi.

"Wengi," akasema.

"Watoto?"

Akacheka. "Dada Rukia, wewe ulisomea tiba au sheria?"

"Wenye uvimbe kama huu, nauliza. Nyanya yake anataka kumwona mmoja."

"Mwambie asubiri kesho kutwa, atamwona mjukuu wake." Kisha, alipoona sijaondoka, akaweka kitambaa chini. "Tumbo ni tumbo, dada."

Ridhaa msimamizi aliifuata mwenyewe, na homa haikumwachia Bi Sauda nafasi ya kungoja. Nilirudi nyumbani Tononoka nikiwa na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki. Sikuwa na njia ya kuikagua mikono ya Daktari Lali. Ng'ambo ilikuwa mbali, na mtandao mnaoujua nyinyi haukuwapo. Nikimwambia msimamizi kwamba nina shaka, ataniuliza nimeona nini, nami sijaona kitu. Basi nikajiambia kwamba nisichoweza kukikagua nikiache, na ninachoweza nikikague chote, hata kiwe cha kijinga.

Asubuhi ya upasuaji nilifika mapema, nikaanza kugusa kila kitu. Vyombo. Taa. Mashine ya kufyonza damu. Bwana Mwakio alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu aliyekwishanizoea. Nikafika kwenye mitungi.

"Mtungi wa soda ni upi, Bwana Mwakio?"

"Ule kule, upande wa Daktari Lali."

"Umejuaje?"

"Si ndio uliosimama kule."

"Nani aliusimamisha?"

Alitembea mpaka kwenye mtungi, akaupapasa shingo, kisha akaenda kwa mwingine, kisha kwa mwingine. Mitungi yetu ya oksijeni ilitoka viwanda mbalimbali na shingo zake hazikuwahi kufanana. Rangi ilikuwa nene. Waliorudisha mitungi ndani walikuwa vibarua wa rangi, na hao walishalipwa wakaenda.

"Mungu wangu," alisema Bwana Mwakio polepole. "Sijui."

Kama mtungi wa upande wa Daktari Lali ulikuwa oksijeni, tumbo la Maryam lingejazwa oksijeni, kisha kingeingizwa humo kisu cha umeme kinachotoa cheche. Na kama ule ulikuwa oksijeni, basi gesi ya soda ilikuwa upande wa pili, kwenye mashine ya nusukaputi, ikisubiri kuingia mapafuni.

Tulihitaji kujua bila kubahatisha. Nikakumbuka somo la kemia la sekondari: maji ya chokaa yakipitishwa gesi ile hugeuka kama maziwa. Lakini maji ya chokaa nitayapata wapi asubuhi ile? Nikatoka nje. Bi Sauda alikuwa kwenye benchi mbele ya mlango, akipaka chokaa kwenye jani la tambuu ili mikono ipate kazi. Ndani, Maryam alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, hajala, akimsimulia muuguzi habari za paka wao.

"Bi Sauda, naomba chokaa."

Akaninyooshea kijaluba chake cha fedha. "Daktari nawe hula tambuu?"

"Leo nataka kuulisha mtungi."

Alinitazama, akaona nisivyocheka, akafunga kikapu chake.

Nilikoroga chokaa ile kwenye maji, nikayachuja kwa pamba mpaka yakawa maangavu, nikayagawa kwenye bilauri. Kwanza nilipuliza pumzi yangu mwenyewe kwa mpira mwembamba, kwa sababu pumzi ya mtu ina gesi ile ile. Maji yakafifia, yakawa meupe. Kwa hiyo chokaa ya Bi Sauda ilikuwa ikisema kweli. Nikachukua bilauri nyingine, tukaenda kwenye mtungi wa upande wa Daktari Lali, Bwana Mwakio akafungua kidogo sana. Mapovu yakapita na kupita. Maji yakabaki maangavu kama ya kisima.

Tukahamia upande wa mashine ya nusukaputi. Mtungi uliokuwa ukitumika haukubadilisha maji. Karibu yake ulisimama mtungi wa akiba, ambao Bwana Mwakio angeufungua mara tu wa kwanza ukiisha, katikati ya upasuaji, mikono ya watu wote ikiwa ndani ya kazi. Nikatia mpira kwenye bilauri ya mwisho.

Maji yaligeuka maziwa mbele ya macho yetu.

Bwana Mwakio aliinama, akaachia gesi kidogo puani mwake. Akarudi nyuma macho yakimtoka machozi, kama mtu aliyepaliwa na soda. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima yule, na sare yake safi, akaegemea ukuta.

"Ningempa," alisema. "Midomo ingekuwa myeusi, nami ningemwongezea."

Nimeona mengi tangu siku hiyo. Nimeona damu ikigonga taa ya dari. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya bilauri ya maji meupe.

Nilimwita Daktari Mutua. Alitazama bilauri zote, akaniomba nirudie, nikarudia. Msimamizi akaja, kwa sababu wageni walikuwa wameketi na soda zao mkononi. Alisikiliza, akafuta jasho, akasema basi mitungi ibadilishwe nafasi na kazi ianze. Daktari Lali uso ulikuwa umempauka. Alisema hata ng'ambo mambo ya namna hii hutokea, na kwamba yeye yuko tayari.

Daktari Mutua alimgeukia. "Kabla ya kuanza, kuna kingine hapa kilichopakwa rangi?"

Daktari Lali alitazama makasha yake.

"Basi mtoto arudishwe wodini," alisema Daktari Mutua. "Apewe chai."

Mgeni wa heshima alionyeshwa vitanda, akasifu rangi, akaondoka.

Nilimweleza Bi Sauda yote, hata yale ambayo msimamizi alinikataza. Akauliza sasa itakuwaje, kwa sababu homa ya Maryam ilikuwa imepanda tena na macho yake yalikuwa kama kiini cha yai. Hatukuwa na muda mwingi. Dawa za sindano zingeizuia homa kwa siku chache tu, kisha uchafu wa mfuko ule ungeingia damuni.

Daktari Mutua alikuja mwenyewe. Akavuta kigoda akakaa miguuni pa Bi Sauda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa ndugu wa mgonjwa. Akasema atampasua kwa mkono, kwa mkato mrefu, na kovu litabaki.

"Na wewe nioneshe," alisema Bi Sauda.

"Nimewafanya watatu, Mama. Wawili wazima. Mmoja alikufa."

Wodi nzima nadhani ilisikia. Nilitamani kumziba mdomo. Chuoni hatukufundishwa kusema hivyo.

"Alikufaje?"

"Mshono ulivuja ndani. Nilichelewa kurudi kutazama. Sichelewi tena."

"Na hao wazima?"

"Mmoja alihamia bara. Mwingine anaishi Tononoka. Naweza kumwita."

Akaitwa. Jioni ile alikuja msichana wa shule, sare bado mwilini, pamoja na mamake. Walivuta pazia. Bi Sauda alimwomba radhi kwanza, kisha akalitazama kovu, akalipitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho kama alivyopapasa ukuta wa jirani. Akamuuliza anakula nini, anacheza nini, macho yake yaligeuka tena au la. Msichana akajibu kwamba anakula kila kitu na hachezi kwa sababu ana mitihani. Bi Sauda akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Aliporudi akamwambia Daktari Mutua, "Huyo aliyekufa ndiye aliyenikinaisha. Mwenye kunionesha kanzu iliyomharibikia, huyo simfichi kitambaa."

Tukampasua Maryam asubuhi iliyofuata. Kila mtungi uliokuwamo chumbani niliupima kwa chokaa kabla ya mtoto kuingia, kisha Bwana Mwakio akaupima tena nyuma yangu, kwa sababu hakuniamini, na nilifurahi. Kazi ilikuwa ndefu. Ule mfuko ulikuwa umegandamana na mshipa mkubwa wa damu uendao ini, na Daktari Mutua aliubandua kidogo kidogo, kwa kidole na pamba, kama anayebandua utando wa yai. Mara moja damu ilifurika, akaikandamiza kwa kidole akasimama vile vile mpaka ikatulia. Nilikuwa na mfuko wa hewa kiganjani. Ulikuja ukaenda, ukaja ukaenda. Sikio moja lilisikia moyo wa Maryam na la pili lilimsikia Daktari Mutua akihesabu mishono chini ya pumzi.

Daktari Lali alikuja kusimama nyuma yetu. Hakuombwa na hakufukuzwa. Daktari Mutua aliposhona mshono wa mwisho, alimwambia asogee aone vizuri, akasogea.

Mshono haukuvuja. Daktari Mutua alikuja kumtazama Maryam asubuhi na jioni, hata Jumapili akitoka kanisani na tai yake. Mkojo wa mtoto ukaacha kuwa mweusi kama chai ya rangi. Macho yakaanza kuwa meupe kutoka pembeni kuja katikati. Siku aliyotupigia kelele kwamba uji wa hospitali hauliki, anataka mahamri na mbaazi, Bwana Mwakio alitoka nje ya wodi na kukaa huko kidogo.

Daktari Lali aliondoka si muda mrefu baadaye. Makasha aliyaacha. Darubini ile tuliitumia kwa watu wazima kwanza, kwa miaka, baada ya kupata gesi ya hospitali katika mtungi wake wenye mdomo wake. Kile kiungio cha shaba Daktari Mutua alikipondaponda kwa nyundo mbele ya msimamizi. Mimi nikaenda kusomea upasuaji wa watoto. Nilipokuja kuutoa uvimbe wa nyongo kwa njia ya vitundu kwa mara ya kwanza, nyanya mwingine aliniuliza swali lile lile, kwa maneno mengine. Nikamwambia kwamba mikono yangu haijawahi kufanya huu, na kwamba atakayesimama kando yangu ameufanya, na nikamwita aje aulizwe.

Maryam naye akawa mtoto wa kuonyeshwa. Kila nilipopata mgonjwa mwenye uvimbe kama wake nilimpigia simu, naye alikuja wodini, kwanza na nyanya yake, baadaye na mumewe, baadaye na wanawe wenyewe, akaingia nyuma ya pazia na familia isiyomjua. Hakuwahi kukataa. Alilalamika tu kwamba kovu lake limeonwa na watu wengi kuliko uso wake.

Jibu la swali la Bi Sauda nililipata yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikwenda ng'ambo kwa mafunzo mafupi, katika ile hospitali aliyosomea Daktari Lali, na nikamkuta daktari mzee aliyekuwa mkuu wake. Nilipotaja Mombasa uso wake ulichangamka. Alimkumbuka Lali kwa mapenzi ya kweli. Alisema hajapata kuona mikono iliyotulia vile, picha kwenye televisheni haikuwahi kutikisika, na ndiyo maana kila daktari alimgombania.

Nikamuuliza alikuwa akiwafanyia watoto upasuaji wa aina gani.

Akashangaa. Akaniambia kwamba pale watoto hawakuwa wakifanyiwa vile kabisa wakati huo. Na Lali, kwa miaka yote aliyokaa nao, kazi yake ilikuwa kushika kamera. Kisu hawakuwahi kumpa.